Saa Isiyofika na Musitari wa Papa

Charleroi, huku Bulaya, siku ya yenga, kisha misa

Dada Noella,

Njo mimi, Deo, mudogo wako, yule unayesema simu yake inajua tu kupokea. Nakusalimia kwa mikono miwili. Muko namna gani huko juu? Mama anaamka namna gani? Ile goti yake iliyomuteremusha mupaka hospitali ya Kirotshe, bado inamuambia mvula inakuja, ao madaktari wameinyamazisha? Ukimusomea barua hii, anza hapa: Mama, ninakula vizuri, ninavaa koti, na sijanenepa hata kidogo, kwenye ile picha muliona koti tu. Na birayi, vile viazi vyetu? Mulipanda, ao muliogopa tena? Barabara ya Mushaki inapitika? Usinijibu yote kwa karatasi. Andika tu "tuko," nitaelewa.

Mimi niko. Mugongo unalalamika kidogo, lakini mugongo unaolalamika ni mugongo ulio na kazi.

Unaona nimeshika biki na karatasi sawa na mutoto wa klasi ya tatu. Kosa si langu. Nilikutumia audio nzuri, yenye sauti ya kiume, na ukanijibu kwamba Padri ameikataa. "Audio haina mukono wa kusaini. Deo aandike, tusome mbele ya wazazi." Basi ninaandika. Mama mumoja wa Goma anarudi huko kwa njia ya Kigali, ameahidi kuikunja barua hii ndani ya Biblia yake. Kama itafika na harufu ya pilipili, ni kwamba Biblia imesafiri pamoja na chakula.

Kwa sababu utaisoma mbele ya watu, na katikati yao kuko waliokuja kwetu juzi wakikimbia kwao, acha nirudilie yale unayoyajua. Babu alitoa kilima kwa ajili ya masomo, ile shule yetu, kwa mudomo, mbele ya watu. Alisema: kilima ni cha masomo, na nyumba itakayojengwa juu yake hakuna muntu ataiangusha bila neno la nyumba yetu. Babu alikufa, neno likaenda kwa mutoto wake, Papa wetu. Papa alikufa, neno likaja kwangu. Wewe ni mukubwa wangu. Wewe ni direktrisi wa masomo yale. Wewe njo unalowa na mvula pamoja na watoto. Lakini neno liko kwangu, niliye mbali na kila kitu, kwa sababu ninanyoa ndevu. Desturi yetu ina akili nyingi sana.

Na unangojea neno lile tangu mbele ya Pasaka. Ninajua. Nitalisema, lakini kwa mutindo wangu, polepole, maana njia ya kulifikia imepita katika nyumba mbili.

Nyumba ya kwanza ni hii ninayofagia. Mama alipoelewa kazi yangu ni gani, alicheka mupaka simu ikaanguka ndani ya maharagi. "Deo! Siku ya salongo, ile kazi ya watu wote, ulikuwa unajificha katika mihindi juu ya kukataa kufagia masomo ya hapa. Ukapanda ndege kwenda kufagia ya Wazungu?" Mama, njo vile. Na hapa hakuna mihindi ya kujificha.

Ni nyumba ndefu ya matofali mekundu, na kwenye mulango kuko kibao kinachosema ilijengwa kati ya vita viwili. Watu wa hapa wanapima wakati kwa vita sawa na sisi, tofauti ni kwamba vya kwao wanaweza kuvihesabu. Siku yangu ya kwanza, mukubwa wa kazi alinipa funguo na kuanza kunionyesha njia. Sikumungojea. Nilipita chini ya matao ya veranda, nikakata kushoto, nikafungua biro ya direkta, nikarudi, nikaenda moja kwa moja mupaka kwenye kachumba ka kuwekea balai za kufagilia, chini ya ngazi. Muzungu alisimama.

"Ulishafika hapa?"

"Hapana, Mesie. Lakini nilisomea ndani ya mudogo wake."

Alinitazama sawa vile wanavyonitazama wakati hawajui kama ni mzaha ao ni Kifaransa changu. Lakini Noella, ukiiona utaapa. Madirisha ni marefu, yamewekwa juu, ili mutoto aone mawingu tu na asione anayepita barabarani. Pembe za kuta hazikukatwa, zimezungushwa, sawa na mukate. Chini, fasi ambapo mvula inarukia, kuko mukanda wa mawe meusi. Hapa mawe yamechongwa laini. Kwetu ni yale ya volkano, yenye matundu, yaliyopandia mabega ya watu kutoka Sake. Jina la yule Frère, mutawa wa Kizungu aliyejenga masomo yetu, watu wetu wamelisahau. Mabega hawajayasahau.

Na mulangoni, Dada, kile chuma!

Kwa wale wasiokijua: kwenye mulango mukubwa wa masomo yetu, kushoto na kulia, kuko chuma kilichosimikwa ndani ya jiwe, chembamba sawa na mugongo wa panga, kina masikio mawili yaliyojikunja. Hakuna muntu alijua kazi yake. Watoto wa wenye ng'ombe walifungia hapo bidoni zao za maziwa, zile za kuteremusha Kirolirwe kisha masomo. Sisi watoto wa wakulima tulinolea hapo mapanga siku ya salongo. Na wewe ulinidanganya siku yangu ya kwanza kwamba mutoto mupya lazima akisalimie, nami nikakiinamia kichwa mbele ya masomo nzima. "Yambo, Papa Chuma." Walinicheka mupaka Noeli.

Basi asubuhi moja hapa, mvula imepiga bustani, ninaona mwalimu mumoja muzee anafika na tope miguuni. Anasimama kando ya mulango, anainua kiatu, anakikwaruza juu ya kile chuma, fya, fya, anainua cha pili, anaingia. Nilisimama na balai yangu mukononi sawa na muntu aliyeona malaika akipiga mswaki. Kumbe! Ni cha kupanguzia viatu! Yule Frère alikileta, ao alikifulisha kwa fundi wa chuma, akakisimika kwa simenti mbele ya masomo ambayo viatu vilikuwa viwili tu, na vyote vilikuwa vyake.

Tangu siku ile nilianza kuitazama nyumba hii kwa jicho lingine. Sikusomea ujenzi, unajua nilikoishia. Lakini muntu anayefagia anaiona nyumba kuliko mwenye kuichora, maana anaipapasa kila siku, kona kwa kona. Niliuliza: kwa nini paa inasimama wima hivi, sawa na mikono ya kuomba? Nikangojea, na katika mwezi wa baridi paa yenyewe ikanijibu. Theluji ilikusanyika juu, kisha ikateleza ikaanguka yote pamoja, puu, karibu inizike. Paa imesimama hivyo kwa sababu ya theluji. Na ya kwetu? Imesimama vilevile. Frère alijenga Masisi nyumba inayongojea theluji. Miaka yote ile haikuja, na nyumba iliendelea kungojea kwa heshima. Ilipokea tu mvula ya mawe, na mawe yaliteleza vizuri sana, tunamushukuru.

Watu wengine wanasema wale Wazungu walijenga hivyo juu ya kutuonyesha ukubwa wao. Inawezekana. Mimi, kisha kufagia hapa, nafikiri yule Frère alikuwa pia na kitu kingine: alikuwa na hamu ya kwao. Jioni baridi ya Masisi ilimuingia ndani ya mifupa, akakaa chini akachora mulango wa kwao, dirisha la kwao, chuma cha viatu cha kwao, na watu wetu wakabeba mawe ya hamu yake. Sasa mimi niko kwao, ninafagia ndani ya kwao, nina hamu ya kwetu, na nyumba ni ile ile. Mungu naye ana mizaha yake.

Hapa, Dada, ninakuja kwenye jicho.

Juu ya uso wa nyumba hii, chini ya ncha ya paa, kuko tundu la duara, na ndani yake saa kubwa yenye tarakimu za Kirumi. Imekufa. Mishale yake imelala mumoja juu ya mwingine, na mukubwa wa kazi ananiambia ilikuwa vile alipofika yeye. Masomo yetu ina tundu lile lile, fasi ile ile, upande wa jua linakotoka. Lakini saa haikufika. Wazee walisema ilikuwa njiani. Wengine walisema meli ilizama nayo, wengine walisema iko Goma kwa muntu fulani. Tundu likabaki wazi, ndege wakalipanga, na sisi tukaliita Jicho.

Chini ya Jicho ilikuwa klasi ya sita, klasi ya Papa. Wanaosikiliza na hawakumujua: alikuwa mwalimu mufupi, mwenye koti moja, na hakupenda kelele wala uvivu wala chai ya baridi. Kila asubuhi ambapo ukungu ulituhurumia, jua liliingia ndani ya Jicho likatua juu ya ukuta wa nyuma, duara sawa na sahani. Kisha liliteremuka. Lilifika chini kwenye sakafu ya simenti nyekundu, ile tuliyoisugua kwa majani makavu ya migomba mupaka unaona meno yako ndani yake, na likaanza kutembea pole, benchi kwa benchi, likija upande wa mwalimu.

Papa alikuwa na saa ya mukono, ya kuazima uhai: leo inakwenda, kesho inapumzika. Wakati ilikuwa bado inakwenda, kila saa ya rekreasio, watoto wakitoka kupumzika, alipiga magoti na musumari, akatia alama pale sahani ya jua ilipofika. Mwezi huu hapa, mwezi ule kule kando, maana jua nalo linahama kidogo sawa na muchungaji. Mwaka ulipopita aliziunganisha alama zote. Ukawa musitari mumoja murefu, umepinda kidogo, kutoka ukuta wa dirisha mupaka ukuta unaoutazama. Kisha saa ya mukono ikakufa kabisa. "Imekufa ikiwa imemaliza kazi," Papa alisema, na hakununua ingine.

Tangu hapo masomo nzima ilitoka kwa musitari ule. Jua likigusa, klasi ya sita inasimama, klasi ya tano inasikia benchi zetu, ya nne inasikia ya tano, na kabla muntu hajapiga kengele, watoto wote wako inje. Mara tulitoka mbele kidogo, mara nyuma kidogo. Hakuna aliyekufa. Na siku za ukungu muzito, unakumbuka? Papa alitazama juu, akatazama chini, akasema: "Leo jua halikuamka. Tutaendelea mupaka tumbo la mwalimu liseme." Na tumbo la Papa lilikuwa na uvumilivu mubaya sana.

Sasa Dada, fasi hii uiruke ukisoma mbele ya wazazi. Ao usiiruke, wajue ni nani anawaongoza. Ilikuwa somo la sehemu, zile namba za juu na chini ya musitari, na sahani ya jua ilikuwa mbali bado, inatembea sawa na muzee. Wewe ulikaa kwenye dirisha. Ulitoa ndani ya kanzu kipande cha kioo, kile cha Mama kilichovunjika, ukakamata jua la dirishani, ukalirusha chini. Na tazama, jua likafika kwenye musitari! Wa benchi ya nyuma walishaanza kusimama. Papa hakugeuka kutoka kwenye ubao. Alimaliza kuandika namba yake, akapuliza chaki kwenye vidole, akasema:

"Leo kuko majua mawili. Moja ni la Mungu, na moja ni la Noella. Tutangojea la Mungu liseme kwanza. Noella, simama, utufanyie hesabu hii wakati tunangojea."

Ukashindwa hesabu. Ninalikumbuka sana jambo hilo kwa sababu mimi pia ningeshindwa, lakini si mimi niliyeitwa.

Hapa kwenye kazi, kila asubuhi, nikifika chini ya ile saa yao iliyokufa, ninainua kichwa, na ninasikia maringo kidogo. Yao ilifika na haisemi kitu. Yetu haikufika, na ilitutoa rekreasio maisha yetu yote.

Njo maana, Dada, uliponiambia komite ya wazazi wanataka kuibomoa nyumba ya masomo yetu, nilikasirika. Ninajua yale uliyonieleza. Tangu siku ile ya risasi, manjanja ya paa imetobolewa mupaka watoto wanaweza kuona nyota mchana. Waliokimbilia ndani wakati ule wa vita walichoma benchi juu ya kupika, na sisi wenyewe tungezichoma. Ukuta wa kati umepasuka, mutoto wa klasi ya pili anapitisha mukono anasalimia wa klasi ya tatu. Nusu ya watoto wanasomea inje chini ya bashi, ile plastiki nyeupe, ambayo mvula ikipiga juu yake mwalimu anabaki kufundisha kwa vidole. Enjenieri amesema kuta zile zimechoka, haziwezi kubeba paa ingine. Musingi na sakafu, alisema, ni vizima. Anataka kuangusha kuta, kusimamisha nguzo juu ya sakafu ile ile, na kutia paa fupi, ya kulala. Nyumba ya paa fupi haina ncha, na nyumba isiyo na ncha haina fasi ya Jicho.

Audio yako ya mwisho nimeisikiliza mara mingi. "Kaka, sema ndiyo ao sema hapana, lakini sema. Mvula za mwezi wa tisa hazitangojea Bulaya."

Ukweli, nilikuwa tayari kusema hapana. Nilikuwa na maneno mazuri. Nyumba hii ya hapa ni patrimoni: maana yake serikali imeandika kwamba hakuna muntu anaweza kuibomoa, hata kubadilisha dirisha moja lazima aombe ruhusa. Nikajiambia, njo hivyo! Tuandike nasi. Kama ya kaka inalindwa, kwa nini ya mudogo ibomolewe? Nilitafuta hata maneno ya Kifaransa ya kumufunga Padri mudomo.

Sasa kuko mama mumoja hapa, Madame Josiane, wa jikoni. Anapika supu ya watoto, ana sauti ya sokoni, angeuza vizuri sana Mushaki. Yeye alisomea ndani ya nyumba hii wakati wa utoto wake. Juzi tulikuwa tunakunywa kahawa uani, na mimi nilikuwa ninatazama juu kama kawaida yangu. Akanicheka.

"Deo, wewe unaipenda nyumba hii kuliko sisi tuliopigwa ndani yake."

"Ni nzuri, Madame Josiane."

"Ni nzuri, ndiyo. Walipotaka kuibomoa nililia. Nilisaini karatasi ya kukataa. Nilimusainia hata bwana wangu, na yeye alikuwa amelala."

Lazima nikueleze kitu ambacho sikukuambia mbele, maana kwenye picha zote nilizotuma nilikikata. Nyumba hii imezungukwa na vyuma vya mafundi tangu mbele sijafika. Paa yake inaweza kuanguka. Kuibomoa hairuhusiwi, kuitengeneza ni kazi isiyokwisha, na hivyo haiguswi. Mimi ninafagia veranda na biro, fasi ambazo hazina hatari. Na watoto? Watoto wanasomea uani, ndani ya konteneri, yale masanduku ya chuma sawa na yanayobebwa na malori makubwa. Wakati wa jua wanaiva, wakati wa baridi wanaganda.

"Mujukuu wangu iko mule," Josiane alisema, akionyesha konteneri ya tatu na kikombe chake. "Anachora nyumba hii kila siku kupitia kadirisha. Anaichora vizuri, Deo, hata na matao, hata na saa. Ndani yake hajaingia."

Alisema vile tu, akamwaga mabaki ya kahawa kwenye maua, akarudi kwenye supu yake. Hakuwa anataka kunifundisha kitu. Alikuwa na karoti za kukata.

Mimi nilibaki pale. Niliona bashi yenu na konteneri yao vikikaa benchi moja. Niliona pia kwamba nyumba ninayoipenda sana ni ile ambayo mimi siko ndani yake wakati mvula inapiga. Hamu ni kitu kizuri, Dada, inajenga hata matao. Lakini yule Frère na hamu yake alijenga, hakuzuia mwingine kujenga. Na Papa, ninajiuliza, Papa angesema nini? Papa aliyetoa klasi nzima inje siku ile tone moja lilianguka juu ya daftari ya mutoto wa jirani? Angetazama juu, angetazama chini, na tumbo lake lingesema.

Basi hapa uite Padri akae vizuri, usome kwa sauti.

*Wazazi wetu wa komite, Padri wetu, ninyi muliozaliwa juu ya kilima kile na ninyi muliokifikia mukikimbia, mimi Deo, mutoto wa marehemu mwalimu wa klasi ya sita, ninatoa neno la nyumba yetu. Neno ni ndiyo. Iangusheni. Mawe yake meusi musiyauze, yawekeni chini ya kuta za nyumba mupya, kwa sababu kuko mabega ya babu zenu ndani yake. Ndiyo yangu haina lakini nyuma yake. Iko na ombi moja tu, na ombi linaweza kukataliwa: sakafu nyekundu ya klasi ya sita musiifunike kwa simenti ingine. Kuko musitari juu yake. Asiyejua ni wa nini, amuulize direktrisi.*

Nimesaini chini, Padri aone mukono.

Chuma cha mulangoni, Noella, kisimike tena mbele ya nyumba mupya. Watoto wa leo wana mabote ya mupira, na tope tunalo. Muambie kila mutoto mupya kazi yake ya kweli. Kisha muambie akisalimie.

Nisalimie Mama, mara mbili, kwa goti moja na kwa goti lingine. Nisalimie bwana yako, shemeji yangu mwenye subira. Nisalimie Mama mudogo, yule anayetuma salamu na kila gari na hazifiki. Nisalimie jirani yetu wa ng'ombe, muambie jibini ya hapa ina matundu mingi, ninaikula nikifikiria yake. Nisalimie sentinele anayelinda masomo, na watoto wako wote, na yule aliyepewa jina la Papa umushike sikio kidogo kwa ajili yangu.

Na mbele mafundi hawajapanda juu ya paa, ninakuomba kitu. Chagua asubuhi isiyo na ukungu. Ingiza watoto wote, hata wa bashi, ndani ya klasi ya sita, wakae chini, hata kama wanabanana. Ngojeeni. Sahani ya jua ikigusa musitari, usipige kengele, uwaache watoke. Msimu huu saa ya hapa na saa ya kwetu ni moja, nimeuliza. Niambie tu siku, nitaweka balai chini.

Kisha muibomoe. Na enjenieri akisema nyumba yake haiwezi kuwa na tundu, usibishane naye. Simama kwenye dirisha lake jipya, Dada direktrisi. Kipande cha kioo unajua namna ya kukishika.

Mudogo wako,
Deo